Mlio wa bunduki si kipimo cha mchezo

KUNA wazazi ambao wakisikia mlio wa bunduki ukitoka kwenye kompyuta huja mbio kutoka jikoni kuizima. Lakini wakimkuta mtoto huyo huyo ametulia tuli mbele ya ramani iliyojaa miji, mito na majeshi, humpita kwa kunyata wasije wakamkatiza. Wanadhani anasoma jiografia.

Huenda basi wamezima mchezo ambao ungekwisha kabla ya chakula cha jioni, wakaubariki ule utakaomweka mtoto macho hadi majogoo.

Wasomaji kadhaa wa safu hii, hasa akina mama wenye watoto wa sekondari, wamekuwa wakiuliza ni michezo ipi ya kompyuta inayofaa nyumbani na ipi ni ya kutupiliwa mbali. Wanafunzi nao huuliza swali lilo hilo kwa njia yao: wataka kujua upi ni mkali kuliko mwingine.

Mimi nimeicheza michezo hii tangu siku za kulipa shilingi kwa dakika katika saiba, na sijaiacha hadi leo nikiwa mtu mzima mwenye kazi na majukumu. Nitakayosema hapa ni maoni ya mchezaji, wala si ya mwalimu au daktari.

Tunaweza kuigawa michezo hii katika mafungu mawili makubwa. Kuna ya mikakati, ambapo mchezaji hukaa kama mfalme au jemadari akatuma watu wake huku na kule. Kisha kuna ya mapambano, ambapo mchezaji mwenyewe ndiye aliye uwanjani, na asipofyatua upesi huanguka.

Wengi huamini kwamba fungu la kwanza ni la wenye akili na la pili ni la wahuni. Mimi sikubaliani nao. Nikitaka kuupima mchezo wowote huuliza maswali mawili. Je, uamuzi wa mchezaji una gharama? Na je, mchezo una kituo ambapo mtu aweza kushuka, au ni safari isiyo na mwisho?

Kutoka bao hadi Civilization

Mikakati si jambo geni kwetu. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na fundi wa bao kabla hajaokota kete hata moja huwa ameshapiga hesabu ya mizunguko kadhaa ijayo. Akikosea, hana wa kumlaumu. Hiyo ndiyo gharama ya uamuzi ninayoizungumzia.

Civilization, mchezo uliobuniwa na Sid Meier akishirikiana na Bruce Shelley na kutolewa na kampuni ya MicroProse mwaka wa 1991, hufuata utaratibu huo huo wa zamu. Unaanza mwaka wa 4000 kabla ya Kristo ukiwa na watu wachache wanaotafuta mahali pa kujenga. Unasimamisha mji, watu wako wanavumbua maandishi, gurudumu na baruti, na ukidumu unafikia kurusha chombo cha angani kuelekea nyota ya Alpha Centauri.

Uzuri wake ni kwamba hakuna uamuzi wa bure. Ukijenga maktaba, hujajenga ukuta. Ukitia mali yako yote katika majeshi, jirani atakutangulia kwa elimu, na siku moja utashtukia mikuki yako inakabiliana na bunduki zake. Kijana aliyeucheza vyema mchezo huu huanza kuelewa kwa nini bajeti ya nchi huzua malumbano kila mwaka: pesa ni zile zile, mahitaji hayaishi.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna fahari ya ziada. Toleo la nne, lililotoka mwaka wa 2005, hufunguliwa kwa wimbo uitwao Baba Yetu, ambao ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka wa 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ikiwa mara ya kwanza kwa muziki uliotungiwa mchezo wa kompyuta. Aidha, katika toleo la sita la mwaka wa 2016, mchezaji anayeishinda mioyo ya watu wa Zanzibar huletewa karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hawezi kuzipata kwa njia nyingine yoyote, na wananchi wake hufurahi.

Hata hivyo siwezi kuusifu mchezo huu bila kuutaja ugonjwa wake. Hauna kituo. Kila zamu inapokwisha, kuna jambo linalokaribia kukamilika: hekalu limebakisha zamu mbili, meli imebakisha tatu. Mchezaji hujiambia, "Zamu moja tu, kisha nilale." Wachezaji wa dunia nzima huufahamu usemi huo na huucheka, lakini asubuhi ya mtihani haina kicheko. Mimi mwenyewe siufungui kamwe jioni inayotangulia siku ya kazi.

Hapa ndipo yule mzazi aliyepita kwa kunyata anapopunjwa. Hakusikia bunduki hata moja, ila usiku umekwenda.

Unayemshambulia ni nani?

Bruce Shelley yule yule baadaye alikuwa mmoja wa wabunifu wa Age of Empires, mchezo wa kampuni ya Ensemble Studios uliotoka mwaka wa 1997. Wa pili wake, The Age of Kings, ulifuata mwaka wa 1999, na ndio ninaoupenda zaidi.

Huu hauna zamu. Saa humkimbilia kila mtu kwa pamoja. Kwa kawaida unaanza na wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja juu ya farasi, kisha unatafuta chakula, mbao, dhahabu na mawe. Anayekimbilia vita kabla ya kulima hukwama njiani, na anayelima tu bila kujenga boma huvunwa yeye mwenyewe.

Somo lake kubwa ni kwamba hakuna jeshi lisilo na dawa. Wapanda farasi huwakanyaga wapiga mishale, wenye mikuki huwaangusha wapanda farasi, nao wapiga mishale huwamaliza wenye mikuki kabla hawajakaribia. Anayenunua farasi watupu kwa sababu wanapendeza hupigwa na mtoto mdogo mwenye mikuki ya bei nafuu. Akishindwa, anajua kwa nini.

Isitoshe, mechi moja kwa kawaida huisha kwa muda wa saa moja hivi, na ndugu wawili wanaweza kuungana dhidi ya kompyuta badala ya kupigana wao kwa wao. Kwa nyumba inayoanza, huu ndio mchezo wa mikakati ninaoupendekeza kwanza.

Lakini hapa nahitaji kuongeza swali la tatu katika kipimo changu: mchezo unasimulia habari za nani, na kwa macho ya nani?

Nyongeza ya mwaka wa 2015, The African Kingdoms, iliwaingiza watu wa Mali, Wahabeshi na Waberiberi. Mtoto anaweza kuongoza majeshi ya Sundiata wa Mali au ya malkia Yodit wa Uhabeshi, na hilo ni jema. Nyongeza hiyo hiyo iliwaingiza Wareno pia, na mfululizo mmoja wa vita humweka mchezaji katika nafasi ya Francisco de Almeida. Huyu ndiye aliyeishambulia Kilwa na kuuchoma moto mji wa Mombasa mwaka wa 1505.

Sitaki mchezo huo upigwe marufuku. Ninachosema ni kwamba mzazi wa Mombasa, Lamu au Kilwa amepewa nafasi adimu. Aketi kando ya mwanawe amuulize, "Huyu unayempigania aliwatendea nini watu wa huku?" Kisha likizo ikifika ampeleke Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Nawahakikishia kuwa mtoto huyo hatapiga miayo.

Civilization nayo haijasalimika. Mahali pasipo na mji huonyeshwa kana kwamba ni ardhi tupu inayomngojea mwenye nguvu, na watu wasio na taifa huitwa washenzi, wasio na kazi ila kuvamia na kufyekwa. Mkenya aliyesoma jinsi walowezi walivyotwaa Nyanda za Juu hatakosa kuitambua hadithi hiyo. Acheze, lakini aitambue.

Mkakati unapogeuka mbio za vidole

StarCraft wa kampuni ya Blizzard, uliotoka mwaka wa 1998, una makabila matatu ya angani yasiyofanana hata kidogo, na bado hakuna linaloonea jingine. Ni kazi ya ufundi mkubwa. Nchini Korea Kusini uligeuka mchezo wa kulipwa, na mechi zake zikaonyeshwa kwenye televisheni kama kandanda.

Nausifu, ila siupendekezi kwa anayeanza. Kadiri mtu anavyopanda daraja, ndivyo ushindi unavyotegemea kasi ya vidole kwenye kibodi na kipanya. Mwenye fikira nzuri lakini mkono mzito hupigwa na mwenye mkono mwepesi. Hii ndiyo sababu nasema mpaka kati ya mikakati na mapambano ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tuje kwenye bunduki

Nianze na mchezo wa mapambano usio na bunduki hata moja. Prince of Persia, uliotungwa na Jordan Mechner mwaka wa 1989, humpa mchezaji dakika 60 za kumwokoa binti mfalme. Mechner alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akamchora mwanamfalme kwa kufuata picha hizo. Ukiruka ovyo unaangukia miiba. Unafufuka, naam, lakini saa haikungoji. Saa moja ikiisha, mchezo umeisha. Sijui mzazi gani angekataa mkataba wa namna hiyo.

Doom, wa kampuni ya id Software, ulitoka mwaka wa 1993, na sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure, ndiyo maana ulienea kama moto wa nyika. Uko peke yako katika miezi ya sayari ya Mirihi, mapepo yanakujia, unapiga. Hauna fikira nyingi. Lakini hatua zake ni fupi, kila moja ina mlango wa kutokea, na mchezaji anaweza kuweka bunduki chini akaenda kula. Damu yake ni nyingi mno kwa mtoto wa shule ya msingi, na kwa huyo jibu langu ni la. Kwa mtu mzima aliyetoka kazini kichwa kikimwuma, ni burudani ya haki.

Half-Life, wa kampuni ya Valve mwaka wa 1998, ulikwenda mbali zaidi. Shujaa wake ni mwanafizikia, Gordon Freeman, na silaha yake ya kwanza ni mtaimbo. Maadui hawaji wakijipanga foleni kungoja kupigwa: askari huzunguka wakutokee ubavuni, na ukijificha sana hukutupia guruneti utoke. Unalazimika kufikiri. Tena una hadithi yenye mwanzo na mwisho, na ukimaliza unaridhika kama aliyemaliza kitabu.

Kutokana na mchezo huo, vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitengeneza Counter-Strike mwaka wa 1999, na mwaka uliofuata Valve ikaanza kuuuza. Kwa kuutazama ni kundi moja linatega bomu na jingine linalizuia. Kwa kuucheza ni hesabu ya pesa. Kila raundi unapata fedha za kununulia silaha. Ukizitumia zote leo ukashindwa, raundi ijayo utaingia na bastola wenzako wakikusonya. Ukifa, unakaa ukitazama hadi raundi iishe. Sijaona mchezo wa bunduki unaomfunza mtu kutojitumbukiza ovyo kuliko huu.

Grand Theft Auto: Vice City, uliotoka mwaka wa 2002, ulipendwa sana na vijana wetu, na najua wapo watakaokasirika. Jiji lake limejengwa kwa ustadi na muziki wake hauna kifani. Lakini uupime kwa swali langu la kwanza. Unamtoa mtu ndani ya gari lake, unamgonga mpita njia, polisi wanakukamata, na baada ya muda mfupi uko nje ya kituo ukiwa umepoteza silaha na fedha kidogo tu. Dhambi haina bei. Katika jiji ambalo watu wengi wamewahi kuporwa magari kwa kweli, sioni mtoto wa miaka 12 akifaidika na nini. Huo ni mchezo wa watu wazima na hata waliouuza walisema hivyo.

Alama hizo za umri zisipuuzwe. Mabishano kuhusu michezo ya damu kama Mortal Kombat yalifika hadi katika Bunge la Marekani mwaka wa 1993, na mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya ESRB inayoweka alama: E kwa wote, T kuanzia miaka 13, M kuanzia miaka 17. Ulaya inatumia PEGI tangu mwaka wa 2003, na hiyo huandika umri wenyewe kwa tarakimu. Mzazi haitaji ujuzi wa kompyuta kusoma tarakimu.

Mchezo wa bure usio wa bure

Ukiniuliza mchezo unaonitia wasiwasi zaidi nyumbani, sitataja wenye bunduki. Nitataja ule ulio ndani ya simu ya mama.

Chukua mfano wa Clash of Clans, uliotolewa na kampuni ya Supercell ya Finland mwaka wa 2012. Kuupata ni bure. Unajenga kijiji, unafunza askari, unavamia majirani, na kwa jina ni mchezo wa mikakati. Mwanzoni jengo humalizika kwa dakika chache. Baadaye ni saa kadhaa, kisha ni siku nzima na zaidi. Usiyetaka kungoja, unanunua vito kwa pesa halisi na jengo linakamilika papo hapo.

Kinachouzwa hapa ni subira ya mtoto. Gharama ya uamuzi imehama kutoka kichwani mwake ikaingia mfukoni mwa mzazi. Kituo nacho hakipo, kwa maana simu humwita kumwambia kwamba kijiji chake kimevamiwa alipokuwa amelala. Kwa kipimo changu, Doom na mapepo yake yote una uaminifu zaidi.

Ushauri wa mchezaji

Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka wa 2019 kuutia uraibu wa michezo katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini dalili zinazotajwa si idadi ya saa. Ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya kila kitu, na kuendelea hata pale maisha yanapoharibika, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Kijana anayecheza Jumamosi kutwa na Jumatatu akawa darasani hajafika huko.

Kwa wazazi, nashauri kwanza mwache kupima kwa saa peke yake. Mwambie mtoto "mechi moja" au "hatua mbili". Counter-Strike huchezwa na watu watano kwa watano, na ukimng'oa mtoto katikati ya mechi umewavunjia wenzake wanne. Ndiyo maana hununa, na si ukosefu wa adabu. Civilization peke yake ndiyo ya kuwekewa saa ya ukutani bila huruma, kwa sababu mchezo unahifadhiwa na kesho utakuwa pale pale.

Pili, mtoto akishindwa, muulize kwa nini ameshindwa. Akikueleza kwamba aliwatuma farasi penye mikuki, jua bongo linafanya kazi. Akijibu "sijui tu", au akikuomba pesa za vito, hapo ndipo pa kuanza maswali.

Tatu, nambari ya siri ya pesa ibaki kichwani mwako, na isiwekwe katika simu anayoichezea.

Nanyi wanafunzi, msije mkawaambia wazazi kwamba nimesema Age of Empires ni somo la historia. Nimesema ni mchezo mzuri. Historia iko kitabuni, na ndiyo itakayowawezesha kujua Almeida alikuwa nani.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.